Mahali Alipolala Jescah

Jumanne moja ya Novemba 1996, saa tatu kasoro robo asubuhi, Jescah alisimama kwenye dirisha la pili la benki mjini Kakamega akiwa na kitabu chake cha akiba, kitambulisho, na udongo wa Matungu ndani ya viatu. Alikuja kutoa malipo yake ya miwa.

Vitabu vya benki hiyo viliandika vyenyewe. Kila alfajiri mstari mpya ulitokea kwa wino wa zambarau, ukitaja mahali mwenye kitabu alipolala, na leja ya benki ikaandika vivyo hivyo. Ilisemekana ndiyo dawa ya wezi: mwizi anaweza kuiga sahihi, lakini hawezi kumlalia mtu usingizi wake. Wateja walizoea. Walionung'unika ni wanaume wachache wenye sababu zao, na hao hawakunung'unika kwa sauti.

Jescah hakuwa na hawara. Alikuwa na shemeji. Mumewe alipofariki, Wanzala, mdogo wa marehemu, alitaka kumrithi yeye pamoja na shamba la miwa. Jescah alikataa. Wanzala akamvunja mkono wa kushoto, kisha akamkumbusha kwa upole kwamba wa kulia bado upo. Jescah akatorokea Iguhu kwa rafiki yake Pascalia, na Pascalia ndiye aliyemfundisha: ukivaa udongo wa kwenu hata usingizini, kitabu kitaandika kwenu. Kwa miezi miwili kikaandika Matungu, Matungu, Matungu.

Karani aliitwa Hezekiah, mzee wa kanisa, mtu asiye na ubaya.

"Mama, kitabu inasema jana ulilala Matungu," alisema. "Lakini shemeji yako alikuwa hapa Ijumaa. Anasema hujaonekana huko tangu Septemba. Sasa wewe ni nani?"

"Ni mimi Jescah. Picha si ni yangu?"

"Picha ni yako. Unalalanga wapi?"

Jescah aliinamia dirisha. "Nikikuambia, huyo mtu ataniua."

Hezekiah alimwonea huruma, kwa kweli alimwonea. "Hiyo ni ya polisi, mama. Sisi hapa tunaangalianga wezi. Toa viatu."

Askari wa mlangoni alivikung'uta viatu juu ya gazeti. Jescah alipofuta nyayo, kitabu kilijisahihisha palepale kwenye kaunta, mistari yote sitini: Iguhu, nyumba ya pili baada ya kinu cha posho, mlango wa mabati usio na komeo. Hezekiah alimshukuru kwa ukweli wake. Malipo yangetoka baada ya siku saba, na nakala ya mistari hiyo ingepelekwa kwa ndugu wa karibu ili athibitishe. Ndugu wa karibu alikuwa Wanzala. Marehemu mumewe ndiye aliyemwandikisha benki, zamani ndugu hao wawili walipokuwa wakipendana.

Jescah alitoka. Hakurudi Iguhu. Alikwenda Mautuma, kwa mama mmoja aitwaye Chepkemoi aliyetafuta mtu wa kupukuchua mahindi, na huko akaamua kutolala. Alipukuchua mpaka vidole vikachubuka. Palipokuwa na matanga alikwenda kukesha na wafiwa asiowajua, akaimba kuwashinda wenye msiba. Mbwa akibweka, alimsikia Wanzala. Jani la mgomba likigusa ukuta, alimsikia Wanzala. Alfajiri alifungua kitabu, akakuta mstari mtupu, akapata nguvu ya kuwasha moto.

Siku ya nane, redio ya Chepkemoi ilisoma matangazo ya vifo. Benki ilikuwa na kanuni ya hilo pia: mteja ambaye hajalala popote kwa siku saba amefariki. Huko Matungu, siku hiyohiyo, kwa kuwa maiti haikupatikana, walikata mgomba, wakauvika gauni la Jescah la kanisani, wakauzika kando ya mumewe, kama desturi inavyotaka kwa mtu aliyepotea.

"Hiyo si jina yako?" Chepkemoi aliuliza, huku akipepeta.

"Ni yangu."

"Pole, dada."

"Asante."

Jioni ile Jescah alijilaza, akalala kama gogo. Kulipokucha, kitabu kilikuwa kimeandika: Matungu, kaburini.

Hezekiah aliukuta mstari huohuo kwenye leja yake. Kwa mara ya kwanza maneno ya kitabu na maneno ya familia yalilingana, naye akafurahi, kwa maana hakupenda kumshuku mteja. Alimlipa Wanzala pesa zote za miwa, akampa pole kwa mikono miwili.

Mautuma, Jescah aliusoma mstari wake mara mbili. Kisha akachukua jembe la Chepkemoi, akaukaza nalo mlango kwa ndani. Benki inaamini kitabu, lakini Wanzala anajua alichokizika.