Mpaka Kuku Atembee

Plasta ilikuwa imetolewa, mfupa umeunga, na daktari aliigonga picha ya eksirei kwa kidole ili kila mtu aone mwenyewe. Bado Queen alikataa katakata kukanyaga chini. Mtoto wa miaka saba, mwenye maneno mengi kuliko mtaa mzima, akawa anabebwa mgongoni na mama yake hadi chooni. Ukimuuliza kama mguu unauma, anasema hauumi. Ukimuuliza basi kwa nini hutembei, anakutazama kwa huruma, mjinga wewe, kisha anakwambia kuku wa bibi bado hajatembea.

Habari ya kuku huyo lazima ielezwe, maana bila yeye huwezi kuelewa lolote lililotokea katika nyumba ile. Queen alianguka kutoka kwenye jiwe kubwa nyuma ya kwao, huko mlimani Bugarika, alipokuwa akiteleza na wenzake juu ya dumu lililopasuliwa. Muundi wa mguu wa kulia ukavunjika. Wakati hospitalini wanamfunga plasta, Bibi Bernadeta, mama yake baba, anayekaa kijijini ndani ndani baada ya Magu, akafanya kama ukoo wao ulivyofanya siku zote. Akakamata tetea mwekundu, akamvunja mguu uleule wa kulia, akaufunga kwa vijiti na kitambaa. Kuku wa namna hiyo haliwi wala hauzwi. Anatunzwa, na siku akisimama akatembea, mgonjwa naye anatembea. Bibi akapiga simu akamweleza mjukuu wake yote hayo ili kumpa moyo, na Queen akalala vizuri kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

Paskazia, mama yake Queen, alikuwa Mhaya wa Muleba, fundi cherehani pale Buzuruga, na mambo ya kuku wa kuvunjwa mguu hakuyajua. Alipoyasikia alicheka, akamwambia mumewe kwamba nyie Wasukuma mna kazi. Lakini Paskazia ni mtu wa kuuliza. Kwa nini kuku, kwa nini si bata? Na mwewe akimchukua? Na kuku akipona haraka kuliko mtu, inakuwaje? Jonathan, mumewe, dereva wa lori la Geita, alijibu kwamba hayo ni ya wazee na akaomba aongezewe chai.

Kicheko kilikwisha plasta ilipotoka. Kila jioni Queen alidai simu, akauliza swali moja tu, kama kuku ameinuka. Kila jioni Bibi alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma, "Bado, mayu. Amekaa tu." Na Queen akarudisha simu kwa mama yake, akavuta shuka. Paskazia alichukua tepu yake ya kupimia nguo, akaizungusha kwenye mashavu ya miguu ya mwanawe, wa kushoto halafu wa kulia. Wa kulia ulikuwa umenyauka. Akapima tena, maana hakuamini, na jibu likawa lilelile.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hakuficha kitu. Alisema mguu wenyewe hauna tatizo, ila mtoto akiendelea kukaa, kifundo kitakakamaa, na kukilegeza baadaye ni mateso ya miezi. Paskazia akamuuliza kuhusu safari, kama barabara mbovu ya kijijini inaweza kumdhuru. Mtaalamu akasema safari haimdhuru, kinachomdhuru ni kukaa. Paskazia alitoka pale akiwaza jambo ambalo tayari lilikuwa linamwasha, kwamba lazima akamwone huyo kuku kwa macho yake. Alikuwa hai kweli? Alikuwa anaweza kusimama? Kila alipomuuliza mama mkwe, alijibiwa kuku anakula vizuri, halafu mtandao unakatika.

Jonathan alikuwa na njia rahisi zaidi. Alitaka wamwambie mtoto kuku ametembea, basi, mambo yaishe. Paskazia alikataa kwa hasira iliyomshangaza mumewe. Alipokuwa mdogo aliambiwa baba yake amesafiri kwenda Kampala, akamngoja barabarani kila Jumamosi, kumbe wakubwa wote walikuwa wameshamzika. Mtoto wake hadanganywi, awe mzima au mgonjwa, na hilo Jonathan alilijua tangu wanachumbiana.

"Sasa ukifika ukakuta kuku ni kilema?" Jonathan akauliza. "Umempeleka mtoto akaone kwamba hatatembea maisha yake yote. Utamwambia nini?"

Paskazia akarudi kwenye cherehani. Alikaa na swali hilo siku kadhaa, akishona sketi za shule huku mguu wake mwenyewe ukikanyaga pedali ya cherehani juu chini, juu chini, na aliuona ule mguu wake unavyofanya kazi bila hata kufikiri. Akienda, huenda akaharibu kila kitu. Asipoenda, mguu unakakamaa hapohapo kitandani huku yeye anausubiri. Mwisho aliona kwamba akibaki nyumbani ni uhakika wa kushindwa, na kwamba angalau kule kuna kitu cha kuona. Akapiga simu kusema wanakuja Jumapili. Bibi Bernadeta akauliza kama mtoto naye anakuja, kisha akasema karibuni.

Jumapili wakapanda gari Buzuruga, na waliposhuka kwenye lami Paskazia akakodi bajaji, akamwonya dereva apite mashimo taratibu. Kila bajaji ilipodunda alimtazama Queen usoni. Queen wala hakuwa na habari, alikuwa anamhoji dereva kama amewahi kuona kuku aliyefungwa bandeji, na dereva naye akawa anauliza ilikuwaje, mpaka karibu awatumbukize mtaroni.

Walimkuta Bibi ndiyo kwanza anaingia kutoka kanisani. Shikamoo zikaitikiwa, wageni wakatandikiwa mkeka, Queen akawekwa na magongo yake ya hospitali pembeni. Hakungoja hata maji.

"Bibi, yuko wapi?"

Bibi akazunguka nyuma ya jiko kumleta. Akakawia. Paskazia akaona ukawiaji ule haumpi raha, akainuka akamfuata.

Nyuma ya jiko alikuwepo Masalu, mdogo wake Jonathan, aliyerudi usiku wa jana kutoka kambi ya dagaa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni la maji ya moto, ananyonyoa kuku mwekundu. Bibi alisimama pembeni ameshika kipande cha kitambaa na vijiti. Masalu alieleza kwa sauti ya chini, akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Asubuhi mama alipokwenda kanisani alikuwa amemwambia wageni wanakuja kutoka mjini. Asingeweza kumlisha shemeji yake mlenda. Kuku wengine walimkimbia, huyu alikuwa mlangoni mwa jiko, na habari ya mguu wake hakuna aliyemwambia.

"Alikuwa amekaa tu, shemeji," alisema. "Niliinama nikamwokota. Hata hakusogea."

Paskazia alitaka kupiga kelele. Kisha hasira ikageuka woga mtupu. Hata hakusogea. Ndilo jibu alilolifuata mbali kote huko, na sasa angelibeba kwenda nalo mkekani.

Hakupata muda wa kulibeba. Queen alikuwa amejiburuta kwa makalio mpaka kwenye kona ya nyumba, na alikuwa anayatazama manyoya mekundu.

"Ni yeye?"

Bibi akakaa chini juu ya kinu kilicholazwa. Akasema ndiyo, mayu, ni yeye.

"Alikuwa ametembea?"

Masalu alimtazama mtoto, akautazama ule mguu uliokonda, akamrudisha kuku kwenye beseni.

"Kutembea?" alisema. "Huyu alikimbia. Amenitoa jasho asubuhi nzima."

Paskazia akafungua mdomo amkatize. Lakini Queen alishauliza kuku alikimbilia wapi, na macho yake yalikuwa yamefunguka kwa namna ambayo mama yake hakuwa ameiona tangu siku ya jiwe. Masalu akaonyesha shamba la mihogo. Queen akasema amwonyeshe vizuri. Masalu akatangulia, akaanza kueleza, hapa alikata kona, pale akaruka kisiki, na alikuwa anaeleza huku anarudi nyuma taratibu.

Magongo yalikuwa kule mkekani. Hakuna aliyekwenda kuyachukua. Queen alishika ukuta, akajivuta juu, akasimama kwa mguu wa kushoto. Kisha akashusha wa kulia, vidole kwanza, halafu kisigino, akatulia, akasikiliza. Akauliza kuku aliruka kisiki kwa mguu upi. Masalu akasema wa kulia. Queen akaachia ukuta.

Alichechemea, aliyumba, alishika mti wa muhogo, akashika mwingine. Bibi Bernadeta alikuwa analia bila sauti, kitambaa cha kuku kikiwa bado mkononi. Paskazia alibaki palepale nyuma ya jiko, akihesabu hatua za mwanawe.

Masalu alifika kwenye mpaka wa mihogo, na hapo hadithi ikamwishia. Mbele kulikuwa na njia ya ng'ombe inayoteremka ziwani, basi. Queen alisimama katikati ya shamba, mguu unatetemeka, anatafuta kwa macho mahali pa kukaa.

"Halafu?" akauliza.

Masalu akamtazama shemeji yake.

Paskazia alipita katikati ya mihogo, akawapita wote wawili, akafika njiani. Akainama, akachunguza vumbi kwa makini.

"Halafu akapita huku, mwanangu," alisema. "Njoo uone."