Tone Chini ya Foili

"Kaa chini, wifi."

"Sikai."

Wifi yangu ni mwalimu wa kemia, na siku ile utulivu wake ulinichefua. Nilizunguka meza za maabara ya shule nikivuta viti na kuvirudisha. Mume wangu, yaani kaka yake, alikuwa amelazwa kwenye zahanati ya mtaani. Mafundi seremala wenzake walimaliza kazi ya vitanda wakaamua kujipongeza, na yeye kwa pupa zake akajimiminia kutoka dumu la spiriti ya kuchanganyia polishi. Daktari alimnusa mdomo akasema amelewa tu, aachwe alale.

Huenda alisema kweli. Kama spiriti ile ni ethanoli, ataamka na kichwa kizito na aibu zake. Kama ni methanoli, ni sumu, na inaanza na macho. Seremala asiyeona ataranda nini? Hospitali kubwa yenye dawa ilikataa kumpokea mlevi bila uhakika, na dumu halikuwa na lebo, ndipo nikalibeba hadi kwa wifi.

"Zinafanana rangi, harufu nayo haisaidii," wifi alisema. "Ila uzito hazifanani. Moli moja ya methanoli ni gramu thelathini na mbili. Ya ethanoli ni arobaini na sita."

"Moli ndiyo mdudu gani?"

"Ni idadi tu ya chembe. Kama dazeni, ila kubwa kupita kiasi."

Alitia spiriti kidogo kwenye chupa ya kioo, akafunika mdomo kwa foili ya alumini, akaitoboa kwa sindano na kuizamisha chupa kwenye sufuria ya maji yanayochemka. Spiriti ikawa mvuke, uliozidi ukatoka tunduni, chupa ikabaki imejaa mvuke mtupu. Ukijua ukubwa wa chupa na joto lake, aliniambia, unajua humo mna moli ngapi. Basi unapima uzito wa mvuke, unaugawanya kwa moli hizo, unapata uzito wa moli moja. Mimi nilikuwa naangalia simu.

Aliipoza, akaifuta, akaipima. Akabonyeza kikokotoo.

"Arobaini na tano na ushee."

"Pombe!" Nilimrukia shingoni. "Pombe ya kawaida! Lione lile lilevi, litanikoma!" Nilicheka hadi mbavu zikauma. Nikachukua simu nimpigie daktari.

Yeye hakucheka. Alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akikunja ukingo wa foili kwa kucha.

"Subiri kwanza."

"Nisubiri nini?"

"Kuna maji hapa. Yameingia chini ya foili kule kwenye sufuria. Nimefuta chupa, foili sikuifunua. Nimeyapima na yenyewe."

"Tone tu hilo!"

"Mvuke wote humu haufiki nusu gramu, wifi. Tone ni zito."

Nilimshika mkono. Nasema wazi, nilimchukia. Jibu tulikuwa nalo, zuri, na yeye anakwenda kulichokonoa. "Liache," nikamwambia. "Nakuomba. Si kaka yako?"

"Ndiyo maana siliachi."

Akautoa mkono wangu polepole, akakausha kila kitu, akaanza upya. Maji yalichelewa kuchemka makusudi, naapa. Safari hii alifunua foili, akafuta ukingo wote, akapima. Kikokotoo kilipotoa jibu, akanigeuzia nisome mwenyewe.

Thelathini na mbili na ushee.

Akaninyang'anya simu na kumpigia daktari. Hakusalimia. "Ni methanoli. Mpelekeni sasa hivi." Daktari alianza kubisha, naye akampandishia sauti ambayo sijawahi kuisikia ikitoka kwake.

Jioni walituruhusu kuingia wodini kwenye hospitali kubwa. Mume wangu alikuwa na dripu mkononi, macho ameyafumba. Wifi alibaki mlangoni, hakuthubutu kusogea. Mimi nilisimama miguuni pa kitanda nimejiziba mdomo kwa kanga, machozi yakinitoka bila sauti.

Akafumbua macho.

"Mama watoto," alisema, "unalia nini?"

"Nani kakwambia ninalia?"

"Si nakuona."