Ukuta wa Bi Mwatima Hautaki Saruji

Usiku wa jana niliota nafundisha, kana kwamba mchana haunitoshi.

Somo lilikuwa lile lile ninalolirudia kila mwaka mpaka ulimi umeota sugu: ukuta wa zamani wa mawe na chokaa lazima upumue, usiupige saruji. Wanafunzi wakaitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Wakiitikia vile, najua hakuna aliyesikia.

Nageuka kufuta ubao. Ubao haupo. Tumo sebuleni kwa Bi Mwatima, bibi anayetuachia nyumba yake ya Mji Mkongwe tufanyie mazoezi, na ukuta mzima umeshapigwa saruji, umelainishwa hadi unang'aa.

"Tumekusaidia, Mwalimu," anasema Haroub, mwanafunzi wangu bora. Mwiko bado anao mkononi.

Ukuta unakohoa.

"Samahani," unasema kwa sauti nyembamba. "Sipati pumzi."

"Tangu lini?"

"Tangu walipofika kwenye dari."

Haroub ananyoosha mkono. "Hili la kukohoa litatoka kwenye mtihani?"

Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka kwenye mifupa.

Sebule sasa ni wodi. Ukuta umelazwa kitandani na shuka halikuutosha. Bi Mwatima ameketi pembeni, ameuwekea kiganja.

"Mimi nimezaliwa humu," ananiambia. "Ukifa huu, mwanangu atanihamishia kwake, ghorofa ya saba. Kule nitakufa mimi."

Nesi ni mfuko wa saruji. "Muda wa kuona wagonjwa umekwisha," unasema.

Sikuwa na nguvu ya kubishana na mfuko. Napanda kitandani, naanza kubandua saruji kwa kucha. Haroub anatazama, halafu anaweka mwiko chini, naye anapanda. Wenzake wanamfuata. Hakuna anayeuliza habari za mtihani. Kipande kikubwa kinaanguka, na ukuta unavuta pumzi ndefu hata mapazia yanasogea.

Nikaamka. Simu ilikuwa inalia. Ni Bi Mwatima.

"Mwalimu, hivi nyinyi mna adabu kweli? Mmeniachia kifusi cha saruji sebule nzima, hata kufagia hamkufagia."

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza ukuta una hali gani.

"Umekohoa usiku kucha," akasema. "Sasa umelala. Punguza sauti."