Tundu la Nane

...na bado linatoka safi, safi mno, napuliza tundu la nne inatoka do iliyonyooka kama ya kwaya, nashuka hadi la kwanza, do ileile kwa sauti nzito, safi, Bwana nisamehe, nimejificha nyuma ya jiko la watu hapa Kilosa nimevaa koti la marehemu na kofia yake, kinanda chake cha mdomo nimekifunika kwa viganja viwili wasikisikie kabla ya wakati, na kila ninachopiga kinageuka wimbo wa kanisani, huo ndio ugumu wa kupiga blues, muziki wa kilio, kwa mtindo wanaouita nafasi ya kwanza, marehemu Mwinshehe mwenyewe aliniambia tumekaa kule Mikumi malori yakipoa, mtani, wenzangu wanapiga kwa kuvuta pumzi, mimi nyumbani kwangu ni kupuliza, na katikati hapa hakuna kilio, kilio kiko chini kabisa au juu kabisa, tundu la tatu ulivute ulishushe, la nane ulipulize uipinde sauti yake mpaka likome kujidai... "Mtani!" huyo Da Joha, dada yake, anaita kutoka uani, "umekula sahani mbili za pilau, dua imekwisha, arobaini ya mdogo wangu iishe bila kicheko?" na wanawake wanadakia, "Msagara akishiba si analala!" nakuja, nasema nakuja, lakini sinyanyuki, ndoo niliyoikalia kama imenishika, wanangoja nitoke nimwigize marehemu, ndiyo kazi yetu watani, babu yake alikuja na reli kutoka Tabora, sisi watu wa Kisanga, tumezikana kwa matani tangu enzi za hao mababu, nitaburuta mguu kama yeye, nitakohoa kama yeye, halafu nitatoa kinanda na watapiga kelele, kumbe anacho! mtani mwizi! watacheka mpaka machozi, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu watacheka... nilikichukua kwenye mazishi ya mama yao, miaka sita sasa, nilikichomoa mfukoni mwake kaburi bado bichi, nikasema leo unarudi nyumbani bubu, watu wakacheka, na yeye akacheka, maana mtani hakasirikiwi, desturi ni akikomboe kwa jogoo nami nikirudishe, na jogoo alimleta, kampakata kwenye basi mpaka Mikumi, akamchinja kwa mkono wake, tukala, shingo nikanyonya mimi, nikamwambia kinanda nimekisahau kwa shemeji Kisanga, kumbe kiko chini ya godoro langu, mimi, mzee wa kanisa, ninayewasomea watu Amri za Mungu Jumapili, ile ya kumi naisema bila kutazama kitabu, usitamani, nami nilitamani, madereva walikuwa wakizima injini wamsikilize yeye, mimi nimeimba besi miaka thelathini hakuna aliyewahi kunizimia hata pikipiki... "Mtani! Koti limekumeza?" nakuja, Da Joha, napuliza la nane, linalia kama birika, limenyooka, mwalimu wa kwenye video za simu anasema ulimi usogee mbele, usilazimishe, nimemsikiliza kila alfajiri nyuma ya gesti ninayofanyia usafi, sauti nimeipunguza mchungaji asipite akasikia, miaka sita sijalipinda hata mara moja, halafu wiki mbili kabla hajafa Mwinshehe akapiga simu, pumzi zinakatika, mtani, kifua kimekwisha, daktari anataka nifanye mazoezi ya kupuliza, kanipa puto, mimi mtu mzima na puto! niletee kinanda changu, hata kama umekinywea uji, nikamjibu kimepotea, mtani, akacheka, mtani wewe... akacheka! heri angenitukana kweli, angeniita Bonifas, jina langu, maisha yake yote hakuwahi kuniita Bonifas, akafa na puto lake, na kumbe ndiyo hivyo, kumbe nikitoka hivi nimemaliza, wizi utakuwa utani, Da Joha atanichapa mgongoni kwa upawa na kunifungashia pilau nirudi nalo Mikumi, nitasamehewa kitu ambacho hakuna anayekijua, na wiki nzima hii nimepiga magoti nikimwomba Mungu anisaidie kupinda tundu moja, hilo tu ndilo nililoliomba, tundu... nalipuliza tena, la nane, safi, basi lisipinde, nitamvulia kofia yake, na koti, nitoke na shati langu nililokuja nalo, nimwambie Da Joha leo uniite Bonifas, nimsimulie jogoo, nimsimulie simu, nimsimulie puto, nisimame palepale mpaka anikasirikie, maana ndugu yake hakupata nafasi hiyo, nilimnyima na hiyo... "Mtani! Tunakungoja wewe!" nakuja, nasema, nakuja, na bado nimekaa juu ya ndoo, kifungo cha kwanza cha koti kiko kati ya vidole vyangu.