Falme Kumi na Moja na Mguu Wenye Plasta

Fundi umeme alianguka kutoka darini siku ya Jumatatu, na kufikia Ijumaa alikuwa amewekwa sebule moja na mama mkwe wake, wagonjwa wawili, kila mmoja na kochi lake.

Kuanguka kwenyewe hakukuwa na fahari yoyote. Alikuwa akivuta nyaya juu ya duka la vitambaa, akakanyaga palepale alipowakataza vibarua wake wasikanyage, ubao ukaachia, naye akatua juu ya majora ya pazia. Majora yaliokoa kichwa na mbavu. Mguu wa kulia haukubahatika. Hospitali walimfunga plasta kuanzia kifundo mpaka juu ya goti, wakamwambia wiki sita.

Mama mkwe naye alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilifunikwa na kikombe kidogo cha plastiki, la kulia lilikuwa bado linangoja zamu yake na halikuona zaidi ya ukungu. Daktari alimpa amri tatu: asiiname, asinyanyue kizito, asilichoshe jicho kwa kusoma.

Aliyewaweka pamoja ni mke wa fundi, mwalimu wa hisabati, ambaye aliona hesabu ni rahisi: wagonjwa wawili, nyumba moja, sufuria moja ya mchana. "Mtaangaliana," alisema, akachukua mkoba wake na madaftari ya wanafunzi, akaenda kazini.

Na kweli wakaangaliana. Tatizo ni kwamba katika miaka sita ya ndoa ile, ilikuwa nadra fundi na mama mkwe wake kuongea jambo lililozidi salamu. Si kwamba walichukiana. Fundi alimheshimu mno, na heshima yake ilikuwa ya kukaa ukingoni mwa kiti na kutazama zulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Mguu?"

"Unaendelea, mama. Jicho?"

"Linaendelea."

Baada ya hapo kila mmoja alijifanya amesinzia.

Siku ya tatu mama mkwe alichoka kujifanya. Alimwagiza binti yake, kabla hajatoka, amsogezee sanduku lake mezani. Ndani yake hapakuwa na nguo. Palikuwa na vitabu tisa, kila kimoja kinene kama tofali, vyote vya hadithi moja.

"Mkwe," alisema mlango ulipofungwa, "unaweza kusoma kwa sauti?"

Fundi alikaa vizuri. "Naweza, mama. Ila mimi huwa nasoma michoro ya nyaya. Na maelezo ya mashine za kufulia."

"Herufi ni zilezile."

Kisha akamweleza. Alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, na alipokuwa bado kazini kitabu cha kwanza cha msururu ule kilitoka. Wenzake walikisoma wakapagawa. Yeye aliapa hataanza mpaka mwandishi amalize, maana hakutaka kuachwa njiani. Mwandishi alichukua miaka ishirini na miwili. Kitabu cha tisa kilipotoka, yeye alikuwa amestaafu, amenunua vyote, amejiwekea mto mzuri dirishani. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona ukungu mtupu.

"Nimemsubiri yule bwana miaka ishirini na miwili," alisema. "Sitalisubiri na jicho."

Basi fundi akakitwaa kitabu cha kwanza, akakiegemeza juu ya plasta, ikawa kama meza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwanza palikuwa na ramani ya falme kumi na moja. Halafu kurasa nne za nani kamzaa nani. Halafu hadithi yenyewe, ambayo ilianza kwa watu watatu kupanda mlima, na kufikia ukurasa wa sita wawili walikuwa marehemu.

"Mama, hili jina lina alama katikati. Koma, lakini iko juu."

"Litamke."

Alilitamka. Likatoka kama mtu aliyepaliwa na maji.

"Rudia."

Alirudia. Safari hii mama mkwe aliuma midomo, mabega yakaanza kumcheza, na fundi akagundua kwa mshangao kwamba yule mama alikuwa anacheka.

"Tutafika mwaka kesho," alisema akijifuta jicho lisilofunikwa kwa ncha ya kitenge. "Tumpe jina letu. Anafanya nini huyo?"

"Ni mfalme. Amekaa tu, anawachukia watu."

"Aitwe Kinyongo. Endelea."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Mke wa mfalme, ambaye kila akiingia chumbani alisifiwa vazi lake, akaitwa Bi Pambo. Jemadari aliyejibu kila swali kwa neno moja akaitwa Ndiyo. Na palikuwa na mzee mchunga nyumbu, mropokaji, aliyevaa kizibao kile kile majira yote; huyo akaitwa Mzee Kizibao, na tangu alipotokea sura ya tatu mama mkwe hakutaka kusikia habari za mtu mwingine.

Lakini watu waliendelea kuja. Kufikia ukurasa wa themanini walikuwa hamsini na kitu.

"Huyu aliyeingia na farasi mweupe ni nani?" aliuliza mama mkwe.

"Mpwa wa Kinyongo."

"Mpwa wa Kinyongo yuko kifungoni."

"Huyo ni mwingine, wa upande wa mke."

"Mke yupi?"

Fundi alirudisha kurasa, akazipeleka mbele, akazirudisha tena. Mwisho akaweka kitabu chini. "Mama, hawa watu wamefungwa vibaya. Hakuna mpangilio. Nipe karatasi kubwa, ile ya mchoro wa duka, nyuma yake ni nyeupe."

Akachora. Juu kabisa aliweka swichi kuu, ndiyo kiti cha enzi. Kutoka hapo akateremsha nyaya: nyekundu kwa ukoo wa mfalme, bluu kwa waasi, na kila penye ndoa akaweka kiungio. Mama mkwe hakuona mchoro, lakini alisimamia kazi yote kwa mdomo, na kumbukumbu yake ilikuwa ya kutisha. Alikumbuka nani alimwambia nani nini, na siku gani.

"Na waliokufa?" aliuliza.

"Hao nimewapeleka waya wa ardhini."

"Ndiko waliko," akasema, wakacheka wote wawili mpaka fundi akashika plasta kwa maumivu.

Wiki ya pili mke wa fundi alifika nyumbani jioni, akiwa bado nje akasikia makelele. "Yule mwanamke ni mwongo, mama! Samahani, lakini ni mwongo!" Na sauti ya mama yake: "Wewe humjui! Umemtazama sura tu!" Mwalimu aliangusha madaftari mlangoni, akaingia mbio akiwa na hakika kwamba ndoa yake imefika mwisho. Akawakuta wameegemea karatasi iliyojaa mistari, wanabishana iwapo Bi Pambo ndiye aliyetia sumu kisimani.

"Nani Bi Pambo?" aliuliza.

Wote wawili walianza kumweleza kwa pamoja. Baada ya dakika kumi akaenda kupika.

Walikuwa na sharti moja: hakuna kutangulia. Kitabu kilisomwa mchana, sebuleni, mbele ya wote wawili. Fundi alilishika sharti hilo mpaka Jumatano ya wiki ya nne, mama mkwe alipopelekwa kliniki na binti yake wakakaa huko saa nne nzima. Mzee Kizibao alikuwa ameachwa kwenye daraja, na majeshi yanakuja. Fundi alikitazama kitabu. Akakipa kisogo. Akajaribu kusikiliza redio. Halafu akajiambia atasoma ukurasa mmoja tu.

Alisoma hamsini. Mzee Kizibao aliwavusha nyumbu wote na watoto wa kijiji, kisha akakata kamba za daraja akiwa bado katikati yake.

Fundi alifunga kitabu, akakaa. Aliona haya kwamba macho yamemlowa kwa ajili ya mchunga nyumbu ambaye hakuwahi kuwepo. Kilichomsumbua zaidi ni mama mkwe. Atamsomeaje yule mama jambo hili? Mwenyewe ni mjane wa miaka mitatu, jicho bado bichi, na machozi yangeweza kulidhuru.

Kesho yake alisafisha koo, akaanza kusoma. Alipofika darajani, macho yake yalibaki kwenye ukurasa, lakini mdomo ukashika njia yake.

"Basi... Mzee Kizibao akatazama huku, akatazama kule. Bahati nzuri pembeni palikuwa na, na ngazi. Akateremka taratibu, akahakikisha kila hatua ni imara. Akafika salama. Akaenda zake kwa dada yake kupumzika."

Mama mkwe aligeuza uso kumwelekea.

"Ngazi," alisema mama mkwe.

"Ndiyo, mama."

"Ya nini, katikati ya bonde?"

"Ya... matengenezo."

"Na dada yake alitokea wapi? Sura ya tano alisema hana ndugu hata mmoja." Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa, upole wa mtu aliyesikiliza mashahidi miaka thelathini na moja. "Na mwandishi huyu hajawahi kuandika 'bahati nzuri' tangu tuanze. Mkwe, ulisoma jana?"

Fundi alitazama zulia, kama zamani. "Nilisoma, mama."

"Amekufa?"

"Amekufa."

Mama mkwe hakulia. Alinyoosha kitenge magotini, akakinyoosha tena.

"Baba yenu alipozidiwa," alisema baadaye, "mlinificha siku mbili. Mliniambia anaendelea vizuri, anakula. Nilikuwa jikoni nikimtengenezea uji, na kumbe alishaondoka. Najua mlinionea huruma. Wewe ndiye uliyesimama mlangoni ukaniambia daktari ameridhika."

Ilikuwa kweli. Fundi alikuwa ameubeba mlango ule kifuani miaka mitatu, na huenda ndio uliozidi kumweka ukingoni mwa viti.

"Nisamehe, mama. Nilishindwa kukwambia."

"Nilishakusamehe. Lakini usirudie. Nisomee jinsi ilivyokuwa."

Akamsomea. Alisoma polepole, neno kwa neno, nyumbu mmoja baada ya mwingine, watoto, kamba, mpaka mwisho. Alipomaliza, yule mama alivuta pumzi ndefu.

"Amekufa vizuri," alisema. "Kizibao kile kile." Halafu: "Mchore. Lakini usimpeleke pamoja na wale wengine. Mwekee waya wake."

Fundi alimwekea waya wa kijani, peke yake, pembeni mwa karatasi.

Walimaliza kitabu cha kwanza siku nne kabla plasta haijafunguliwa. Kiliisha vibaya sana: Kinyongo ametoroka, Bi Pambo amevaa taji, na Ndiyo, kwa mara ya kwanza katika kurasa mia nane, amesema hapana. Walibaki wakitazamana kama watu waliozimiwa umeme.

Wiki iliyofuata daktari alimruhusu mama mkwe kusoma, kwa miwani mipya, nusu saa kwa siku. Binti yake alifurahi, akapanga safari ya kumrudisha mama nyumbani kwake Jumamosi. Jumamosi asubuhi alimkuta mama amekaa kochini, sanduku halijafungwa, kitabu cha pili kiko mapajani, na fundi akitembea taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni akiufanyisha mguu mazoezi.

Safari hii msomaji alikuwa mama. Alisoma kama anavyosomewa mshtakiwa mashtaka yake, bila kupanda wala kushuka, nukta zote akizigonga. Vita vikasikika kama orodha ya vitu vilivyoibwa. Fundi alisikiliza kwa adabu mpaka dragoni, joka la kutema moto, lilipotokea.

"Mama, hapo walau ongeza sauti kidogo. Ni dragoni."

"Limeandikwa kwa herufi za kawaida."

"Mama," alisema binti yake, "gari linakuja saa nne."

"Sura hii ikiisha," alijibu mama bila kuinua kichwa.

Binti akamwangalia mumewe. "Ina kurasa ngapi?"

"Sabini na mbili," alisema fundi, akavuta kiti karibu na kochi, akaegemea nyuma na kunyoosha mguu. "Endelea, mama. Tuliishia kwenye moshi."