Salesio Hajatua

Jumamosi hiyo Celina alipeleka majani yake ya chai kituoni mapema, akaosha mikono kwenye mfereji, kisha akateremka hadi uwanja wa shule ya Kibugu kumtazama mumewe akicheza. Salesio alikuwa mchezaji wa ngoma ya kuruka, kama baba yake alivyokuwa. Alifunga njuga miguuni, akangoja ngoma zipande, akaruka. Hakushuka.

Alibaki hewani, juu kidogo ya mwamba wa goli, magoti yamekunjwa, njuga kimya. Wapigaji waliendelea kwa muda, kwa heshima, halafu wakaenda kula.

"Shida ni gazeti," alisema Mutugi, mwenyekiti wa kamati ya utamaduni, huku akimega chapati. "Mhariri ameandika wiki hii kwamba ngoma ya kuruka imekufa Embu nzima. Sasa huyu atatua akicheza nini?"

Wanakamati waliona neno hilo lina maana, wakaongeza chai.

Mhariri huyo aliitwa Mbaabu. Gazeti lake, *Mizani ya Mlima*, lilitoka Meru kila wiki, na katika eneo lote kwaya haikuwa imeimba wala shairi halikuwa limesomwa mpaka yeye aandike. Aliwahi kupelekwa semina Ujerumani, katika mji mdogo ambao mhariri wake hukalishwa mbele kwenye kila tamasha. Tangu arudi hakukubali kiti cha nyuma, hata matangani. Ngoma ya kuruka hakuwahi kuiona. Kibugu kuna matope.

Celina alimlisha mumewe githeri kwa kijiko alichokifunga kwenye ufito mrefu.

"Kutoka huku naona mashamba ya watu wote," Salesio alimwambia. "La kwetu ndilo limegeuka msitu."

"Shuka basi uchume."

Alicheka, na kule kucheka kukampandisha kidogo. Kila siku alizidi kuwa mwepesi. Upepo wa mlimani ulipovuma, alisogea upande wa msitu, na Celina akajua kwamba asipotua upesi atachukuliwa. Akapanda gari, akaenda Meru.

Mbaabu alimpokea akiwa ameketi chini ya picha yake mwenyewe, iliyopigwa Ujerumani mbele ya kanisa.

"Mzee, andika tu kwamba ngoma iko," alisema Celina. "Mstari mmoja. Mume wangu, Baba Munene, atashuka."

"Mama, unajua kazi ya mhariri?"

"Sijui. Najua ulikosea."

"Kule Ujerumani mhariri akiandika kwamba kwaya imezeeka, kwaya inavua majoho. Haiji ofisini kubishana. Nikijirudi kwa sababu ya mtu mmoja anayening'inia, nani ataniamini tena?"

"Basi njoo umwone."

"Nikimwona itabadilisha nini? Nishaandika."

Hata hivyo alikuja. Kamati ilikuwa imemwalika kuhutubu katika Siku ya Kuikumbuka Ngoma ya Kuruka, na mbuzi alikuwa amechinjwa. Celina alimrushia mumewe shati safi. Akamrushia na kamba pia, Salesio akajifunga kiunoni, na Celina akaishika ncha ya pili, kwa maana upepo siku hiyo haukuwa na mchezo. Alijiambia kwamba mtu mwenye macho hawezi kusimama pale asione.

Mbaabu alifika katikati ya uwanja, akainua uso, akaona.

"Habari ya Meru, mzee," Salesio alimsalimu kutoka juu.

"Njema, kijana," alijibu Mbaabu. Jua lilikuwa kali na hema lilikuwa limetengewa wapishi. Mhariri alitazama chini, akakiona kivuli cha Salesio, akavuta kiti chake akakiweka hapo hapo, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Alisema kwamba kizazi hiki hakitamwona tena mchezaji wa ngoma ya kuruka, na kwamba kosa ni la wenyeji wasiothamini chao. Walimu walitikisa vichwa. Mwanamke mmoja alijifuta machozi.

Hotuba ilikuwa ndefu na jua likahama. Lilipomfikia mhariri kwenye paji la uso, Mutugi alijongea polepole, akainama sikioni mwa Celina.

"Mama Munene, mgeni anachomeka."

Celina alimtazama Mutugi, akamtazama na mumewe. Kisha akaivuta kamba kidogo, mkono juu ya mkono, mpaka kivuli kikarudi juu ya kichwa cha Mbaabu.