Boya la Zubeiri

Zubeiri alikuwa mtu wa pwani ambaye hakuwahi kuiona pwani. Baba yake ndiye aliyetoka huko na misafara, akafungua duka la nguo na chumvi Karagwe, akaoa, akafia hapo hapo Karagwe. Urithi mkubwa aliomwachia mwanawe ulikuwa maneno: bahari hivi, bahari vile. Mkewe, Mwanamisi, alikuwa ameyasikia miaka ishirini, na siku ile, ndani ya mtumbwi kwenye mto Kagera, yalikuwa yamemfika kooni.

Asubuhi mjumbe alikuja kuwaambia kwamba Maua ameshikwa na uchungu. Maua alikuwa binti yao wa pekee, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Siku anaolewa alimshika mama yake, akamwambia, "Mama, siku yangu ikifika nataka mikono yako." Mwanamisi akaapa. Sasa nyumba ya Maua ilikuwa inaonekana mlimani, na migomba yake na moshi wake, naye Mwanamisi amekaa mbele mtumbwini na mti wenye ndoana, akingoja mume wake alifikie boya.

Boya lenyewe lilikuwa gogo jepesi lenye kitanzi cha kamba, limefungwa kwenye jiwe kubwa chini ya maji, upande wa kina Maua. Zubeiri alilitia baada ya kuufunga mtumbwi wao wa kwanza kwenye mafunjo, na kesho yake wakakuta mafunjo yameng'oka kisiwa kizima, yamekwenda zake pamoja na mtumbwi. Kuuvuta nchi kavu nako hakufai, maana ule mwanya wa kutokea kati ya mafunjo ni njia ya viboko, na kiboko hajui hiki ni chombo cha mtu. Basi boya lilikuwa jambo la akili. Tatizo lilikuwa mwenye boya.

"Boya huendewa kwa kuukabili upepo," alisema Zubeiri, akageuza mtumbwi.

Upepo ulikuwa unapanda mto. Kuukabili ilikuwa ni kushuka na maji, na maji ya Kagera hayana subira. Wakapita kasi. Mwanamisi akatupa ndoana, ikagonga gogo, ikateleza.

"Mama Maua, unalala?"

Wakapiga kasia kurudi juu, jasho linawatoka. Wakashuka tena. Wakapita tena. Mara ya tatu ndoana ilishika kitanzi, lakini maji yalikuwa yanauvuta mtumbwi hivi kwamba nusura Mwanamisi atumbukie. Akaachia.

"Baba Maua, nishushe kwenye mwanya, nakuomba. Mtoto ananingoja."

"Nikushushe, nani atashika boya? Tupoteze na huu?"

"Basi tulipite kwanza, kisha tupande. Maji yenyewe yatatusimamisha."

"Marehemu baba—"

"Marehemu baba yako alikuwa baharini! Huu ni mto!"

Hakuwahi kumpigia mumewe kelele namna ile. Zubeiri alinuna, lakini akashuka hata mara ya nne kwa njia yake, na mara ya nne boya likawapita vile vile. Ndipo alipomrushia kasia. "Haya, shika wewe, nahodha!"

Mwanamisi alilishika. Aliuacha mtumbwi ushuke mpaka chini ya boya, akaugeuza, akapanda taratibu akishindana na maji, mpaka gogo likawa ubavuni na mtumbwi umetulia. Zubeiri alinyoosha mkono tu, akapitisha kamba kitanzini, akafunga.

Na hapo hapo vigelegele vikatoka mlimani.

Zubeiri alikuwa ameinama, anavuta fundo. "Imeshika!" alisema kwa furaha. "Hii haing'oki!" Alipoinua macho mkewe alikuwa tayari yumo majini mpaka kiunoni, anapasua mwanya, analia kwa hasira wala hajifichi.

Alipanda mlima nguo zikimchuruzika. Wanawake wa Kinyambo, wenyeji wa huko, walimpisha mlangoni wakicheka na kumpongeza. Maua alikuwa amelazwa juu ya nyasi safi, na mtoto alikuwa mikononi mwa mama mkwe, ameshaoshwa.

"Mama," alisema Maua kwa sauti iliyokwisha. "Nimekuita sana. Ulikuwa wapi?"

Mwanamisi alipiga magoti, akaitazama mikono yake iliyochubuka kwa kasia.

"Hapo chini, mwanangu," alisema. "Nilikuwa hapo chini tu."